Ramani ya Chumba cha Severin

Tarehe 19 Machi 2024, siku tatu baada ya Severin kuzikwa Kibosho, watu wawili waliotumwa na ofisi inayomiliki jengo waliingia katika fleti ya mjane wake huko Hayes, magharibi ya London, wakakikomba chumba cha marehemu hadi sakafu. Walikuwa wamekuja kuchukua kitanda cha hospitali. Hicho ndicho walichoagizwa, na hicho ndicho walichoruhusiwa. Walichukua pia kiti chake cha kuegemea, sanduku la mbao alilotoka nalo Moshi, rafu ya vipuri vya redio, na kabati pamoja na nguo zote zilizokuwamo, koti lake la kazini likiwa bado limening'inia. Vyote wakavitia katika kontena la taka chini ya jengo. Haika, mkewe, alikuwa Kibosho, amekaa mkekani miongoni mwa mawifi zake, akipokea mikono ya pole.

Barua ya ofisi ninayo mbele yangu. Inasema kwamba chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kitabibu na "vitu vingine visivyo na thamani", na kwamba ofisi haina kumbukumbu ya samani yoyote. Sentensi hiyo iliandikwa na mtu aliyekwenda shule, akaisoma tena, kisha akaitia saini.

Wapo waliouliza waliingiaje. Waliingia kwa funguo alizowapa Haika mwenyewe, kwa mikono miwili, asubuhi aliyoondoka na jeneza. Uchagani nyumba yenye msiba haifungwi. Majirani huingia, hufagia, hupika, hubeba viti kutoka kwao, na wala hakuna anayehesabu vijiko wakiondoka. Haika alikuwa ameishi London miaka kumi na tisa, na bado alimkabidhi mtumishi wa ofisi funguo za nyumba yenye msiba kama vile anamkabidhi jirani wa Machame. Hilo ndilo kosa lake, na nitashangaa nikimwona mtu mwenye haya akimlaumu kwalo.

Haika alizaliwa Machame mwaka 1970, akasomea elektroniki katika chuo cha ufundi Arusha, mwanamke pekee katika darasa la wanaume thelathini na mmoja. London ilimpa kazi ya kea: kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani wazee wa watu. Sisemi kazi hiyo ni ya chini. Nasema kwamba katika miaka kumi na tisa hakutokea mwajiri hata mmoja aliyemuuliza alisomea nini. Severin alikuwa fundi redio wa Moshi aliyeishia kupanga mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Jioni walipokutana nyumbani, mikono yao ilikuwa na njaa ya kazi waliyoijua. Ndiyo maana mwaka 2022 walijiunga na kilabu cha watengeneza roboti kinachokutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa, na Haika akaanza kuunda roboti yake juu ya meza ya jikoni.

Ilikuwa na kimo cha kigoda, magurudumu matatu, sinia juu, na chini, usawa wa muundi, jicho la leza lililozunguka kama feni na kupima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake. Ndani yake palikuwa na kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kitambulisho. Severin aliipa jina la Bi Harusi kwa sababu ya mwendo wake wa taratibu. Maradhi ya mapafu yalipomlaza, Bi Harusi akaacha kuwa mchezo. Kila siku saa nne asubuhi, Haika akiwa kazini na binti yao Natasha akiwa chuoni, ilitoka jikoni na kikombe cha uji na dawa alizoandaliwa, ikafuata ramani ya nyumba iliyokuwa katika kumbukumbu yake mpaka chumbani.

Ila haikuingia hivi hivi. Severin alikataa.

"Roboti ya Kichaga haiingii chumbani mwa mtu kama mwizi," alisema. "Ipige hodi."

"Hodi ya sauti ya nani?"

"Yako."

Haika alijaribu kurekodi mara nne, na mara zote nne alicheka katikati. Severin akamnyang'anya simu, akakohoa, akasema hodi mwenyewe kwa sauti nzito ya mgeni mwenye heshima zake.

"Bi Harusi mwenye sauti ya babu," Haika alimwambia. "Tutamwoza kwa nani huyu?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ilisimama mlangoni, ikapiga hodi kwa sauti ya Severin, ikasubiri. Ilielewa jibu moja tu, nalo ni karibu. Isiposikia, ilirudia mara ya pili na ya tatu, kisha ikageuka na kurudi jikoni, kama afanyavyo mtu mwenye adabu. Natasha, aliyezaliwa hapa, ambaye husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa akiiamuru iingie kwa Kiingereza chake chote, nayo ikabaki imesimama mlangoni hadi baba yake akashika mbavu. "Umeona? Hata mashine inakutaka useme lugha ya nyumbani."

Severin alifariki tarehe 2 Machi.

Haika aliporudi kutoka Kibosho mwanzoni mwa Aprili, alikuta chumba kimebaki na alama nne za miguu ya kabati katika zulia na duara la vumbi dirishani. Bi Harusi ilikuwa jikoni chini ya meza, juu ya chaja yake. Wale watu hawakuigusa. Nadhani waliidhani pipa.

Asubuhi ya pili alikuwa amekaa jikoni, chai imepoa mbele yake, aliposikia magurudumu. Ilikuwa saa nne. Hakuna aliyeiondolea ratiba yake. Ilipita karibu na miguu yake na sinia tupu, ikakata kona ya ukumbini, ikasimama kwenye mlango wa chumba.

"Hodi," Severin alisema.

Haika hakujibu. Tangu utotoni alifundishwa kutoitikia hodi ya mtu asiyemwona, na mafundisho ya namna hiyo hayaondoki kwa diploma. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Hodi."

Ukimya wa kusubiri ulikuwa sekunde kumi. Alijua hivyo kwa sababu ni yeye aliyeuandika katika programu.

"Hodi," mara ya tatu. Kisha magurudumu yakageuka, ikarudi, ikapanda juu ya chaja yake, ikazima taa.

Ilifanya hivyo siku kumi na tisa. Angeweza kuifuta ratiba kwa kubonyeza mara mbili, na hakuifuta. Alibadilisha zamu zake kazini ili saa nne isimkute nje. Siku ya ishirini alisimama ukumbini, mgongo ukutani, akasema karibu, kwa sauti ambayo, kama alivyonisimulia, haikuwa yake.

Roboti iliingia katika chumba kitupu na haikukata moja kwa moja. Iligeukia kushoto na kukizunguka kitanda ambacho hakikuwepo. Ikapunguza mwendo, ikajipenyeza katika nafasi finyu kati ya kitanda na kiti, kiti ambacho wakati huo kilikuwa kimeshaoza jalalani, ikasimama pale ambapo mkono wa mgonjwa ungefika. Ikasubiri dakika mbili kikombe kichukuliwe. Kikombe hakikuwepo, mkono haukuwepo. Ikarudi kwa njia ile ile, ikilikwepa sanduku.

Haika alielewa mara moja. Chumba cha Severin, ambacho ofisi ilisema hakikuwa na kitu, kilikuwa bado kizima mahali pamoja duniani: katika kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha, ndani ya kompyuta ndogo iliyokuwa imeanza kufa.

Kwani ilikuwa inakufa. Kufikia Septemba ilichemka hadi ikajizima njiani. Kila inapozimika hivyo, kadi huweza kuharibika na kila kilichoandikwa juu yake kikapotea. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Haika aliibeba Bi Harusi katika mfuko wa sokoni, akapanda basi, akaenda kilabuni kutafuta kompyuta nyingine ya kuiwekea.

Kwenye meza walikuwapo wawili anaowaamini. Ramesh ni fundi umeme mstaafu wa Neasden, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kukanyaga London. Tevin ni Mkenya wa makamo anayetunza mitandao ya ofisi za watu.

"Chukua hii," Ramesh alisema, akisukuma kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo. "Ilikuwa ofisini, haijachoka hata kidogo. Nguvu kama trekta."

"Trekta inakunywa, Mzee," Tevin akasema. "Hiyo inataka volti kumi na tisa. Bi Harusi atakata roho kabla hajavuka jikoni. Mama Natasha, mimi ningekuwekea hii yenye kichakataji cha picha. Umpe kamera, aone watu, aone kikombe."

"Anapeleka chai au anapiga picha za arusi?"

"Bibi arusi bila picha, Mzee? Si wakwe watadai mahari irudishwe?"

"Na hii ndogo?" Haika aliuliza. Ilikuwa sawa na ile ya zamani kwa umbo, ila ya kizazi kipya, yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne.

"Hiyo inatosha," Tevin alikiri. "Haili betri, na haichemki ukiipa kifeni. Lakini haina maringo."

"Ipi kati ya hizi itaniachia ramani yangu kama ilivyo?"

Tevin akamweleza, kwa adabu, jambo ambalo Haika alilijua vizuri kuliko yeye: kwamba programu za sasa hazishiki ramani moja milele. Kila zinapopita hujifunza upya. Kilichoongezeka huchorwa, na kisichoonekana tena hufutika kidogo kidogo.

"Unaweza kuizuia isijifunze," alimalizia. "Kompyuta yoyote kati ya hizi tatu itakubali. Lakini basi utakuwa na roboti inayokwepa hewa."

"Ndiyo ninayo," Haika alisema. "Ndiyo ninayoitaka."

Akawasimulia. Alipomaliza, kelele za meza nyingine zikasikika ghafla kama redio iliyofunguliwa. Ramesh ndiye aliyezungumza kwanza, na alikuja juu kama kaka.

"Nakala ya kadi umeweka wapi?"

"Sijatoa nakala."

"Hujatoa! Wewe, dada? Wewe uliyenigombeza mwaka jana mbele za watu kwa kupoteza programu ya taa zangu za Diwali?"

"Matanga hayajaondolewa, Mzee."

Tevin hakuelewa. Ramesh alielewa, akashusha sauti. Kwao Severin, msiba hauishi kwa mazishi. Huisha siku ndugu wanapokutana tena na nguo za marehemu zikagawiwa: koti kwa huyu, viatu kwa yule, ili kila mmoja aondoke na kitu kilichogusa mwili wake. Kabla ya siku hiyo, vitu vyake haviguswi wala havifunguliwi. Haika aliziacha nguo London kwa makusudi, azipeleke Kibosho kwenye matanga mwezi wa Agosti. Agosti ilipita. Hakuwa na hata soksi ya kugawa. Kwa hiyo matanga hayakuondolewa, na kwa kuwa hayakuondolewa, yeye, fundi aliyesomea elektroniki, aliiacha kadi inayokaribia kuharibika bila kuigusa, kwa sababu nayo ilikuwa mali ya marehemu. Sauti yake ilikuwa humo. Haya ndiyo yaliyotupwa pamoja na zile nguo "zisizo na thamani", na ofisi haina safu ya kuyaandika.

"Tuitazame tu," Ramesh alisema. "Kutazama si kugusa. Ukisema niache, naacha."

Hakusema aache. Walichomoa kadi, wakaiunganisha na kompyuta ya Tevin kwa namna ambayo haikuweza kuandika chochote juu yake, wakaifungua ramani. Ilikuwa ya tarehe 11 Januari 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Haika aliikumbuka siku hiyo: kitanda cha hospitali kilikuwa kimeletwa juzi yake, kiti na sanduku vikasogezwa, naye akaiamuru Bi Harusi kwa simu, akiwa kazini, izunguke ichore ramani mpya. Nyumba nzima ilikuwa pale kwa mistari myeusi juu ya weupe. Jiko. Ukumbi. Chumba: mstatili wa kitanda kilichoshushwa chini ili mgonjwa asianguke, kiti, kabati, rafu, sanduku.

"Na hivi ni nini?" Tevin aliuliza. "Hivi vidoti viwili dirishani. Kigoda?"

"Hapakuwa na kigoda."

Akavikuza. Vilikuwa vitao viwili vidogo, kimoja kando ya kingine, vimetengana kiasi cha shubiri moja, vimeelekea kwenye kioo.

"Fremu ya kutembelea?"

"Fremu ina miguu minne," Ramesh alisema polepole. "Hii ni miwili. Tena minene."

"Muuguzi, basi."

"Muuguzi alikuwa anakuja saa nane," Haika alisema. "Natasha alikuwa na mtihani. Nyumbani alikuwapo Severin peke yake."

Tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, wauguzi walimwambia kwamba mumewe hawezi tena kusimama. Aliamini, kwa kuwa alipokuwa nyumbani hakumwona akijaribu. Na tangu alipofariki, kilichomtesa hakikuwa kifo. Zilikuwa zile saa za mchana: Severin amelala chali, macho darini, akisubiri, wakati yeye yuko Uxbridge anamgeuza mume wa mtu mwingine. Alizikokotoa saa hizo usingizini na akiwa macho. Sasa alikuwa anatazama miguu ya mumewe. Leza haisajili kivuli, na mtu anayepita haisajili pia, humwona kama ukungu na kumpuuza. Ili miundi ya mtu iandikwe namna ile, ni lazima awe amesimama, ametulia, kwa muda wote ambao roboti ilikizunguka chumba. Na dirisha lile linatazama kituo cha basi ambako Haika hushukia.

"Nilimpigia simu dakika hizo hizo," alisema. "Nikamuuliza, imeingia? Akacheka. Akaniambia, imepiga hodi kwa sauti yangu, nimejikaribisha mwenyewe. Alikuwa anahema. Nikamwambia apumzike, asihangaike kunijibu."

Ramesh alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Jioni ile Haika alimpigia wifi yake mkubwa, Mama Aloyce, anayekaa katika kihamba, shamba la ukoo, ambamo Severin amezikwa. Alimwonyesha ramani kwenye simu, akamweleza kila mstari, akafika dirishani. Mama Aloyce aliisogeza simu karibu na macho.

"Amesimama," alisema.

"Amesimama, wifi."

"Na wewe unanililia koti? Koti si lingeliwa na mende hapa. Gawa hiyo. Toa nyingi, kila mmoja apate yake, tumalize."

Jumamosi iliyofuata kadi ilinakiliwa. Ramani zilichapwa kwenye karatasi nene, saba: za ndugu watatu wa Kibosho, ya Natasha, ya Ramesh, ya Tevin, na ya Haika. Matanga yaliondolewa tarehe 2 Novemba, Kibosho wakiwa kihambani na London wakiwa sebuleni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Natasha alipopokea ya kwake alisema asante, baba, kwa Kiswahili, akaenda kujifungia bafuni.

Karatasi ya nane, yenye tarehe na vipimo vya kila samani, ilikwenda kwa ofisi pamoja na barua. Ofisi iliyodai haina kumbukumbu ya kitu chochote sasa ilikuwa na kumbukumbu iliyochorwa na mashine isiyojua kusema uongo wala kumwonea mtu huruma. Ilichukua miezi kujibu. Neno la kuomba radhi halikuwamo katika jibu hilo, nami nimelitafuta.

Kompyuta aliyoichagua Haika ni ile ndogo isiyo na maringo. Aliifunga mwenyewe, akaiwekea kifeni, na ilipofika kwenye swali la kujifunza au kutojifunza, Tevin alimwachia kibodi na kwenda kutafuta chai. Aliiruhusu ijifunze. Siku ya pili Bi Harusi ilikata kona ya kitanda. Siku ya nne kiti kilitoweka, siku ya sita sanduku. Sauti haikuguswa: saa nne bado Severin hupiga hodi, na siku hizi huitikiwa mara ya kwanza.

Wiki tatu baadaye Tevin aliitazama ramani mpya kutoka kwake, akampigia simu kwa wasiwasi. Chumba kizima kilikuwa cheupe, alisema, isipokuwa vile vidoti viwili dirishani. Havikufutika. Kama ni hitilafu, hajui imetoka wapi.

"Si hitilafu," Haika alimwambia. "Saa hizo huwa nimesimama pale."

Tevin hakumuuliza kama vidoti ni vile vile au vimehama. Nami sijamuuliza.

Tarehe 6 Juni 2025 ofisi inayomiliki jengo iliwatumia wapangaji wake wote utaratibu mpya: chumba cha marehemu hakitaguswa kwa siku sitini, na hakuna kifaa cha hospitali kitakachotolewa humo ila mbele ya ndugu aliyetajwa kwa maandishi.